Mishumaa Iliyojaza Kiwanja

Mshumaa wa Mama wa Kharumwa ulipotea siku ya Jumanne, baada ya sala ya asubuhi na kabla ya chai. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu simu iliita nikiwa bado na rozari mkononi, na mke wangu alikuwa jikoni anapuliza moto.

“Mwangaluka, katekista,” alisema Mama wa Kharumwa, kwa salamu yetu Wasukuma ya asubuhi.

“Mwangaluka, mama. Mmeamkaje huko?”

“Tumeamka salama. Ila mshumaa wa baba watoto haupo.”

Nilimwambia huenda simu ya binti yake haijafunguka vizuri, asubiri kidogo kisha atazame tena.

“Nimetazama mara tatu. Wa kushoto upo, unawaka. Wa kulia upo, unawaka. Wake ni pengo tu, kama jino lililong'oka.”

Sauti yake haikupanda. Lakini baada ya maneno hayo nikawa nasikia kuku wa kwake tu katika simu, nikajua analia.

Inanibidi nieleze mshumaa huo ulikuwa wa namna gani, maana haukuwa wa nta.

Nimekuwa katekista kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na namshukuru Mungu kwa kila mwaka wake. Nilisomea kazi hiyo nikiwa kijana, chini ya walimu wavumilivu kuliko nilivyostahili, kisha nikapewa vigango, yale makanisa madogo ya pembezoni mwa parokia, vya kuzungukia kwa baiskeli. Nilifika Kharumwa na kupita mbele yake, hadi kwenye makambi ya wachimbaji, ambako watu huhamia wakisikia dhahabu imeonekana na kuhama wakisikia imeonekana kwingine. Kigango cha huko kilikuwa turubai na magogo ya kukalia. Mara nyingine nilikuta turubai limeshahama na watu wake, nikageuza baiskeli.

Sasa magoti yamekataa. Tunaishi Ibadakuli, Shinyanga, mimi na mke wangu, karibu na uwanja wa ndege, na safari yangu ndefu ni ya kwenda kanisani Jumapili kwa bajaji. Binti yangu, ambaye anafundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, aliona ninavyohangaika kwa kuwawaza watu wangu waliotawanyika. Siku moja akaja na kompyuta yake ya zamani akaniambia, “Baba, kuna mahali ambapo magoti hayahitajiki.”

Mahali penyewe ni dunia ya pamoja iliyotengenezwa ndani ya kompyuta. Watu wa nchi mbalimbali huingia humo, kila mmoja na umbo lake, hutembea, huongea, hukodi viwanja na kujenga. Siku ya kwanza umbo langu lilisimama limezama sakafuni hadi magotini, na mke wangu alicheka hadi akakaa chini. “Hata huko magoti yako hayapo,” alisema.

Binti yangu alikodi kiwanja kidogo na kujenga kigango: kuta za rangi ya tofali la udongo, bati, mabenchi, msalaba. Nilimweleza paroko kabla hatujamwalika mtu yeyote. Alifikiri, kisha akasema hapo si kanisa na sakramenti hazitapita kwenye waya, lakini hakuna mahali ambapo Mkristo amekatazwa kusali pamoja na wenzake. Hiyo ilinitosha. Ndugu wa makambi walianza kuja, mmoja kutoka Geita, mwingine kutoka machimbo ya mbali ambayo hata mimi sikuyajua, wengine kupitia simu za watoto wao.

Mishumaa ilikuja baadaye. Katika makambi wapo watu waliokufa chini ya kifusi bila kutolewa, na wapo waliozikwa haraka mbali na kwao, ndugu zao wasijue hata upande wa kaburi. Tukakubaliana kila marehemu wa namna hiyo awe na mshumaa wake ukutani. Ukiugusa, mshumaa unawaka zaidi na sauti inataja jina lake, baba yake, babu yake, ukoo wake na kijiji alikotoka, kisha inasoma sala ya marehemu yote, mwanzo hadi mwisho. Ikifika saa kumi jioni, mishumaa yote husema yenyewe bila kuguswa. Ilifika themanini na mitatu. Wa themanini na tatu ndio huo wa mume wa Mama wa Kharumwa.

Mumewe alikuwa fundi wa matimba, yaani magogo yanayosimamishwa ndani ya shimo la dhahabu ili kuta zisianguke. Shimo lenyewe wachimbaji huliita duara. Msimu mmoja wa mvua duara lilianguka akiwa chini. Walichimba siku nyingi, kisha wakubwa wa machimbo wakasema inatosha, ardhi bado inatembea, itaua na wengine. Wakafunga. Mwezi wa Novemba, wenzake wanapokwenda kupalilia makaburi, mama huyu alikuwa akibaki nyumbani na jembe lake. Aliponiambia habari hiyo ndipo nilipomwandikia mshumaa. Na Jumamosi ya wiki ile ile mshumaa ulipopotea ilikuwa kumbukumbu ya siku ambayo duara lilianguka. Alikuwa ameshapanga kuja Shinyanga, akae mbele ya kompyuta yangu kwenye kioo kikubwa, auone.

Kwa hiyo nilipokata simu sikunywa chai.

Binti yangu alikuja mchana, akafungua kompyuta, akasoma barua ya msimamizi wa eneo letu katika dunia ile. Alisoma kimya, kisha akageuza kioo nione.

“Tumejaza memori, Baba.”

“Ya kompyuta?”

“Ya eneo. Sikiliza. Kila kitu kinachotenda jambo huko ndani, mlango unaojifungua, taa inayowaka, mshumaa unaosema, kina maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Hayo maagizo ndiyo skripti. Kila skripti inashika sehemu yake ya memori. Na memori ya eneo ni moja, tunagawana na majirani.”

“Kama lambo,” nilisema.

“Kama lambo. Kila mtu analeta ng'ombe wake. Mfumo ukiona maji yamefika kwenye tope, unamtoa ng'ombe aliyefika mwisho.”

Aliyefika mwisho alikuwa mume wa Mama wa Kharumwa. Barua ilisema pia kwamba tusipopunguza hadi Jumamosi mchana, vitaondolewa na vingine, kimoja kimoja, kuanzia kipya kurudi nyuma.

Hapo nakiri jambo. Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa jirani. Kiwanja kilichopakana na chetu kilikuwa cha mfanyabiashara mmoja anayeishi Geita na kuuza vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ni Mwislamu, Mzaramo wa huko Pwani, na kwa sababu mimi ni Msukuma, tangu siku ya kwanza tulipogundua hilo aliniita mtani na hakuniacha salama. Alikuwa na ukumbi wa muziki wenye taa za rangi zinazozunguka. Siku zote alizima muziki wakati wa sala zetu, bila kuombwa, nami nilikuwa nimemshukuru kwa hilo. Lakini siku ile niliziona taa zake tu.

Nilimwendea. Umbo langu lilivuka ua likagonga kwake.

“Mtani! Karibu, karibu,” alisema, na sauti yake ilitoka kwenye kompyuta kana kwamba yupo sebuleni. “Leo umevaa viatu. Ng'ombe umewaacha na nani?”

“Nimewaacha na kiu, mtani, kwa maana wako ndio waliokunywa lambo lote.”

“Lambo gani tena?”

Nilimweleza habari ya memori. Nilitumia maneno ya adabu, lakini adabu yenyewe ilikuwa na mwiba ndani. Nilisema kwamba taa ni za furaha na mishumaa ni ya wafu, na mtu mwenye busara anajua kipi kianze kupungua.

Alicheka.

“Njoo uone,” alisema. Akaniongoza hadi katikati ya ukumbi, chini ya taa, penye kisanduku kidogo cheusi. “Taa zangu arobaini, mtani. Skripti moja, ndani ya hiki kisanduku. Hiki kikisema nyekundu, zote nyekundu. Mimi mfanyabiashara, siajiri watu arobaini kubonyeza swichi moja.”

Nilikitazama kile kisanduku, kisha zile taa.

“Sasa twende kwako,” aliendelea. “Wafu wako wangapi?”

“Themanini na watatu.”

“Na kila mmoja umempa ofisi yake, karani wake na spika yake! Wasukuma bwana! Mna mikoa mizima ya ardhi, hata wafu wenu wanataka kupanua.”

Mke wangu alisikia kutoka jikoni akaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa kuwa ndiyo sheria ya utani, mtu hakasiriki. Lakini nilirudi kwetu nikiwa nimeinama. Nilikuwa nimempelekea jirani hatia iliyokuwa mfukoni mwangu.

Binti yangu hakunisimanga. Alifungua mshumaa mmoja akanionyesha yaliyomo, akafungua wa pili, wa tatu. Kila mmoja ulikuwa na skripti yake kamili: maagizo ya kuwaka, saa, jina, ukoo, na sala yote tangu mwanzo hadi amina. Maneno yale niliyaandika mimi kwa vidole viwili, jioni nyingi. Wakati ule alikuwa amenishauri nifupishe, nikamjibu kwamba kaburini sijawahi kumkatia mtu sala. Nilikuwa nimejisifu kidogo kwa jibu hilo. Sasa niliona nimeandika sala ileile mara themanini na tatu, kana kwamba Mungu ni mzito wa kusikia.

“Lakini kila marehemu anastahili ya kwake,” nilisema, nikijitetea bado.

Alifikiri. Binti huyu nilimfundisha katekisimu mwenyewe, mezani, akiwa na meno ya utoto.

“Baba,” alisema, “mkesha wa Pasaka, kila mtu huja kanisani na kiberiti chake?”



“Hapana,” nilisema. “Mshumaa wa Pasaka unawashwa mmoja. Wengine wote tunachukua moto kwake.”

“Na ule moto wa kwako, ukiuchukua kwa mwingine, unakuwa wa kwako nusu?”

Nilichukua kalamu na daftari.

Tulipanga hivi: mshumaa mmoja mkubwa usimame katikati ya kigango, wenye skripti moja. Huo ndio utakaojua saa, utakaosema majina, utakaowasha mingine. Ile themanini na mitatu itabaki na umbo lake na moto wake, ila skripti zake zitatolewa. Ili kuzitoa lazima binti yangu afungue mshumaa mmoja mmoja kwa mkono, maana mimi nilikuwa nimeuandika kila mmoja kwa namna yake, mingine na makosa yangu mwenyewe ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuyafumbua.

Kabla ya kugusa chochote nilizipigia simu familia. Kitu cha marehemu hakiguswi bila ndugu kujua, hata kama kitu chenyewe hakishikiki. Jumatano yote na Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye simu. Wengi walisema, “Fanya unavyoona, katekista.” Mzee mmoja, ambaye mwanawe alizikwa ugenini, alinihoji kama hakimu.

“Kwa hiyo mshumaa wa mwanangu hautakuwa na akili?”

“Hautakuwa na maagizo ndani yake, mzee. Utapokea kwa ule mkubwa.”

“Utawaka?”

“Utawaka.”

“Na jina?”

“Litatajwa.”

“Basi mwanangu hakuwa na akili hata alipokuwa hai,” alisema, akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. “Endelea, katekista. Alikuwa na moyo tu.”

Alhamisi mchana tulijaribu. Binti yangu aliingiza majina yote na koo zote ndani ya skripti ya mshumaa mkubwa. Ulianza vizuri. Ulitaja jina la kwanza, la pili, la kumi. Ulipofika hamsini na kitu ukanyamaza katikati ya ukoo wa mtu, ujumbe mwekundu ukatokea, na mishumaa yote ikazimika kwa pamoja. Kigango kikawa giza mchana kweupe.

“Imejaa,” alisema binti yangu. “Skripti moja nayo ina kikomo chake. Inajaribu kubeba watu wote kichwani kwa wakati mmoja.”

Nilikaa nikitazama lile giza. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Niliwaza Mama wa Kharumwa akishuka kwenye basi na kunikuta na kigango kisicho na mshumaa hata mmoja, mimi niliyemwahidi mmoja tu.

Nilisali kidogo, si kwa maneno mengi. Kisha nikamuuliza binti yangu kwa nini skripti ilazimike kukariri. Nimewafundisha watoto wengi kukariri, na walioshindwa niliwasimamisha ukutani, Mungu anisamehe. Nilidhani kisichokaririwa hakijashikwa. Lakini mimi mwenyewe siku hizi nasimama mbele ya watu na jina la mtu ninayemjua miaka yote linanikimbia. Je, nimemsahau? Huwa nafungua daftari, nasoma, naendelea. Hata kanisani msomaji hapandi kukariri somo. Kitabu kiko mbele yake.

“Haiwezi kusoma?” nilisema.

“Inaweza,” alisema polepole. “Kuna kadi. Majina yakae kwenye kadi, nje ya skripti. Isome mstari mmoja, iutamke, iuache, isome unaofuata. Kichwani iwe na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja.” Akanitazama. “Ila mstari wa kadi una urefu wake, Baba. Ukoo wote hautaingia.”

Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa, “Msalabani juu ya kaburi pia ukoo wote hauingii.”

Basi nikaanza kufupisha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuandika. Nilipiga simu tena, nikauliza kila familia: kama ni mstari mmoja, mnataka nini kibaki?

Ijumaa alasiri Mama wa Kharumwa aliwasili, amechoka na safari, amebeba mfuko wa karanga za shamba lake. Tulimpokea, akaoga, akala. Hakuuliza chochote hadi alipomaliza kula. Ndipo nilipomwambia ukweli wote: kwamba mshumaa haujarudi, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba binti yangu ameshatoa skripti hamsini na tano na zilizobaki ni nyingi, mtandao unasuasua, na msimamizi, aliyeturuhusu mshumaa mkubwa tu, hatakubali kitu kingine kipya kabla memori haijashuka chini ya kikomo.

Alisikiliza, mikono mapajani.

“Kwa hiyo wa kwake unasubiri wengine watoke,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Amezoea,” alisema. “Kule chini fundi wa matimba huwa wa mwisho kupanda.”

Sikuweza kumtazama. Mke wangu alimshika bega, akampeleka kupumzika.

Jumamosi asubuhi zilibaki skripti kumi na tisa. Mtandao ulikatika saa mbili, ukarudi, ukakatika tena. Binti yangu hakulalamika, ila aliacha kunywa maji, na mimi najua maana yake kwa mtoto huyu. Saa tano zilibaki kumi na nne. Mchana haukuwa mbali. Ndipo sauti ya jirani ikatoka kwenye kompyuta.

“Mtani, mbona leo kwenu kimya? Wafu wamegoma?”

Nilimweleza kwa ufupi kilichotokea, na kwamba mjane ameketi hapa sebuleni. Aliposikia kuwa yupo, sauti yake ilibadilika kidogo tu.

“Shikamoo, mama,” alisema.

“Marahaba, mwanangu.”

“Wewe ni Msukuma?”

“Ndiyo.”

“Basi wewe ni mtani wangu na umefiwa, na mimi hukuniita msibani. Umenivunjia heshima.”

Mama alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu afike. “Hakukuwa na msiba wa kukuita, mtani. Hatukumzika.”

Watu wasiojua utani hudhani ni kutaniana tu. Mtani ndiye anayekuja msibani kuwachokoza wenye kilio mpaka wacheke, na ndiye anayeshika jembe la kaburi wakati ndugu hawana nguvu. Ni haki yake, na akinyimwa hukasirika kweli.

“Sawa,” alisema jirani. “Kama nisingechelewa ningechimba kaburi. Kaburi hamna. Basi nazima ukumbi.”

“Mtani, leo Jumamosi,” nilisema. “Watu wako wanakuja.”

“Watakuta nimefiwa.”

Na tukaona, kupitia dirisha la kigango, taa za rangi zikizimika zote kwa pamoja, kisha milango ya ukumbi, kisha zile spika kubwa, kisha sanamu ya samaki anayeruka ambayo alikuwa anaipenda sana. Alivitoa vyote akaviweka kando. Binti yangu alikuwa anatazama namba pembeni mwa kioo. Ilishuka, ikasimama, ikashuka tena.

“Weka, Baba,” alisema. “Weka sasa.”

Niliuweka mshumaa wa themanini na tatu mahali pake, kwa mkono wangu mwenyewe. Uliingia. Ulikaa.

“Umekaa?” aliuliza jirani.

“Umekaa.”

“Haya, kamueni ng'ombe wenu taratibu. Sifungui mpaka mmalize.”

Skripti ya mwisho ilitoka saa nane na nusu. Namba ilikuwa chini ya kikomo kwa mbali, hata kama ukumbi ungefunguliwa wote. Nilimwambia jirani afungue. Alisema atafungua baada ya saa kumi, kwa sababu mtu haondoki msibani kabla ya sala.

Ulibaki mstari mmoja wa kadi. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe kwa ajili ya mume wa Mama wa Kharumwa: jina la ubatizo, jina la baba, jina la babu, ukoo, kijiji, na kazi yake. Ulizidi urefu. Nilimsomea mama, nikamuuliza tukate wapi.

Aliniambia nisome tena. Nikasoma.

“Ukoo Mungu anaujua,” alisema. “Kata. Kijiji hakukipenda, kata. Babu yake sikumwona.” Tulibaki na majina mawili. Alifikiri sana. “Na hayo ya kwenye cheti, nani alimwita hivyo? Ni ninyi wa kanisani na wale wa kuandikisha kura.”

Kisha akamwambia binti yangu, kwa sauti ya chini, jina ambalo yeye alimwita nyumbani. Silitaji hapa, si langu. Lilikuwa neno moja fupi. Baada yake akaomba iandikwe “fundi wa matimba”. Mstari ulibaki na nafasi nyeupe kubwa.

Saa kumi jioni watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya kigango, kila mmoja na umbo lake, na mlangoni alisimama jirani yangu, hakuingia, kofia yake mkononi. Mshumaa mkubwa uliwaka. Mingine ikapokea, mmoja baada ya mwingine, kuzunguka ukuta. Sala ilisomwa mara moja, kwa ajili ya wote. Kisha majina yakaanza.

Hapo lilitokea jambo ambalo hatukulipanga. Skripti ilipomaliza mstari mmoja ilihitaji muda mfupi kuufikia unaofuata, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara moja na kuitoa. Binti yangu alijisogeza akitaka kuona kama anaweza kuiharakisha. Nilimshika mkono.

Zamani, saa kumi, mishumaa yote ilikuwa ikisema kwa pamoja, sala themanini na tatu zikipandana kama soko. Nilikuwa nikiona ni utajiri. Sikuwahi kugundua kwamba katika kelele ile hakuna jina hata moja lililosikika.

Sasa jina lilitajwa, kikafuata kimya, na katika kile kimya tulisikia mtu wa Geita akisema “amina” peke yake. Jina lingine, kimya. Yule mzee akakohoa. Likaja jina lingine, na lingine.

Mama wa Kharumwa alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa vizuri kama mtu anayesubiri mgeni. Jina la mwisho lilipofika, lile fupi la nyumbani la mumewe, mwili wake ulishtuka kidogo. Kimya kikaja.

“Mwadila,” alisema, kama anavyoamkiwa mtu anayerudi alasiri.

Mshumaa mkubwa ulisubiri pumzi yake, ukaona kadi imekwisha, ukatulia. Hatukusogea. Nilimsikia jirani akimwomba Mungu kwa Kiarabu, polepole, kisha umbo lake likageuka kurudi ukumbini.

Baadaye mke wangu alileta chai na zile karanga alizozikaanga. Binti yangu alimwonyesha mama namba za memori, akamweleza kwamba imebaki nafasi kubwa, mishumaa mingine mingi inaweza kuongezwa bila kumtoa mtu. Mama aliitikia kwa kichwa kwa heshima, lakini hakuwa anatazama namba.

“Na kesho itasoma tena?” aliuliza.

“Kila siku, mama. Saa kumi.”

Alichukua karanga, akaimenya, akaitia mdomoni.

“Basi nitakuwa natoka shamba mapema,” alisema.